Idhini ya Kulaza Mulumba

Ombi la kulaza bonde la Mulumba liliingia asubuhi, Elineema Msengi akiwa bado hajamaliza uji wake. Kifaa cha idhini, kibao cha kioo kilichokaa pembeni mwa meza yake ya Katibu wa Umoja wa wakulima na wakamuaji, kiliwaka rangi ya chungwa na kutoa mlio mfupi. Akakivuta karibu, akasoma. Akaweka kikombe chini, akasoma tena.

Shirika lilikuwa linaomba alizeti yote ya Mulumba ilazwe mara moja. Sababu iliyoandikwa ilikuwa ugonjwa wa kutu ya majani.

Aliinuka akaenda dirishani kana kwamba jibu lingekuwa huko nje. Mji wa Singida ulikuwa umelowa. Majabali yalimetameta, Ziwa Kindai lilikuwa limepanda hadi kumeza njia ya waendao kwa miguu, na kila uwanja uliokuwa vumbi miaka yote sasa ulikuwa na majani. Mvua namna ile haikuwa imeonekana kwa muda mrefu. Na hakuna mtu aliyewahi kulaza alizeti mwaka wa mvua. Kulaza kulibuniwa kwa ajili ya ukame.

Enzi hizo Kanda ya Kati nzima ilikuwa haipandi alizeti nyingine isipokuwa ile iliyoitwa sikivu. Mbegu yake ilitoka kwa Shirika la Taifa la Mafuta la Talvera, mali ya serikali ya nchi hiyo ya mbali, iliyokuwa imekodi ardhi, kujenga minara na kununua mavuno yote kabla hayajaota. Kila bonde lilikuwa na mnara wake mwembamba wa chuma. Jua lilipozidi, mnara ulipumua mvuke usioonekana, ukashuka mashambani, na alizeti ikiupata hufunga matundu ya majani, huacha kunywa na kukua, hukunja majani yake kulizunguka shina na kuinamisha kichwa. Hukaa hivyo wiki baada ya wiki bila kufa. Mvua ikirudi, mnara hupumua mvuke wa pili, nayo huendelea pale ilipoishia. Mwaka ule wa ukame mkubwa, wilaya za jirani zilivuna mabua makavu. Huku watu walivuna alizeti, na wasichana kadhaa waliozaliwa msimu huo walipewa jina la Katibu, Elineema.

Ulikuwapo wakati mmoja tu ambapo kulaza kulikuwa hasara, nao ni pale kichwa kinapojaza punje. Alizeti ikilazwa kipindi hicho, ikichelewa kuamshwa, punje hubaki maganda matupu. Mulumba ilikuwa ndiyo kwanza inajaza punje.

Alimpigia mwenyekiti wake, Mzee Rajabu Nkuwi, mwenye viwanda vitatu vya kukamua mafuta, mtu aliyeuanzisha Umoja kwa kuwabembeleza wakamuaji wenzake mmoja mmoja na kisha wakulima.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Ombi la Mulumba umeliona?"

"Marahaba. Nimeliona. Toa idhini, Katibu, tuendelee na mambo mengine."

"Kutu nani ameiona?"

"Vyombo vyao."

"Nauliza mtu. Nani ameingia shambani akashika jani?"

Mzee Nkuwi alikohoa. "Elineema, wiki ijayo tunaweka saini mkataba mpya wa mbegu. Ukiniuliza mimi, hiki ni kipimo. Wanatupima kama sisi ni watu wa kufanya nao kazi. Bonde ni moja tu. Fidia ipo."

"Mulumba inajaza punje, Mzee."

"Najua inafanya nini. Nimekamua alizeti tangu hujaolewa."

Hakubishana naye zaidi. Alikata simu, akaweka kiganja juu ya kioo, akatamka jina lake na neno moja: nakataa. Taa ya chungwa ikazimika.  Mwaka wa kwanza wa mkataba, watu walipoogopa kupanda mmea unaomsikiliza mgeni, yeye ndiye aliyezunguka kijiji kwa kijiji akiwaeleza habari ya ufunguo wa pili. Mnara haupumui, aliwaambia, mpaka Shirika likubali na Umoja ukubali. Mkono wao ukitaka na wangu ukakataa, mnara hausemi kitu. Walimwamini, wakapanda. Leo ufunguo ule ulikuwa umefanya kazi yake.

Pamoja na hayo, moyo haukutulia. Alichukua funguo za gari akaenda kuiona hiyo kutu kwa macho yake.

*

Barabara ya Mulumba hupanda mgongo wa kilima kabla ya kuteremka bondeni, na pale juu watu wengi huzoea kusimama msimu wa maua, kwa sababu njano hiyo huonekana yote kwa mara moja. Elineema alipofika pale alipunguza mwendo. Halafu akasimamisha gari katikati ya barabara.

Hapakuwa na njano. Bonde zima lilikuwa na rangi ya majivu yaliyochanganyika na kijani, na mistari ya alizeti ilionekana myembamba kama miti iliyochomekwa ardhini. Vichwa vyote vilikuwa vimeinama upande mmoja.

Alishusha kioo. Harufu ikaingia, mbichi na ya baridi, harufu ya tango lililokatwa muda huohuo. Hakuna kitu kingine duniani kilichonuka hivyo isipokuwa mvuke wa kwanza. Alikuwa ameinusa mwaka wa ukame, akiwa amesimama chini ya mnara na watu wakipiga vigelegele. Sasa alikipandisha kioo haraka.

Alijiambia huenda ni upepo kutoka bonde jingine. Huenda mnara umevuja. Aliteremka taratibu, akajiambia mengine mengi, na hakuna lililosaidia.

Damari Gyunda alikuwa amekaa kwenye ukingo wa shamba lake, miguu ameinyoosha, khanga imelowa umande. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima cha Mulumba, mama mtu mzima mwenye sauti nzito ambaye katika mikutano hakuhitaji kipaza sauti.

"Shikamoo, Mama Damari."

"Marahaba, Katibu. Umekuja kutueleza."

 Elineema aliingia kati ya mistari. Shina lilikuwa gumu kama fimbo, majani yamelibana kama vidole vilivyofumba. Alilibandua moja kwa nguvu, akaligeuza. Hapakuwa na alama ya kutu, wala doa, wala unga wa kahawia unaobaki kidoleni. Akabandua la pili, la tano, akahamia shamba la jirani, akabandua mengine. Yalikuwa majani mazima, safi, yenye afya, yaliyolala. Akavunja kichwa kimoja, akabana punje kwa ukucha. Ikatoka maji meupe kama ya mahindi machanga.

Aliporudi, Damari alikuwa bado amekaa palepale.

"Zilikunja majani wakati tunapalilia maharage," Damari alisema. "Zote pamoja. Wajukuu walidhani ni mchezo. Watu wakakimbilia kwangu, nikawaambia tulieni, Katibu ametoa idhini, sauti yake itafika kwenye simu, Katibu hawezi kutoa idhini bila sababu. Nimewaambia hivyo toka shamba la kwanza hadi la mwisho." Alimtazama usoni. "Ni sababu gani?"

"Mama, sikutoa idhini."

"Umesemaje?"

"Nilikataa. Leo hii asubuhi, kwa mkono wangu."

 Mbali kidogo kulikuwa na wanaume wamesimama na mapanga, wakitazama mashamba yao bila kujua la kufanya. Mmoja alikuwa akimwangalia Elineema kwa matumaini, na matumaini yale yalimchoma kuliko matusi.

"Basi mkono wako una kazi gani?" Damari aliuliza, na hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua.

 Miaka yote ile ya mikutano ilimpitia Elineema akilini. Alijiona amesimama mbele ya watu, kiganja amekiinua juu ili wakione.

"Niache nirudi mjini niulize," alisema. "Nitakuja na jibu."

"Nenda. Ila hawa usiwaambie ulivyoniambia mimi. Si sasa. Watafyeka zote kwa hasira, halafu kesho watalia."

*

Alikuta magari mawili mbele ya ofisi. Ndani, Mzee Nkuwi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, kofia mapajani, na dirishani alisimama Oresta Vilen, mwakilishi wa Shirika katika kanda. Oresta alikuwa amesoma Morogoro, Kiswahili chake kilinyooka, na kwa miaka mingi Elineema alikuwa amekula naye, akaenda naye misibani, akamfundisha kusonga ugali. Siku hiyo hakumtazama machoni.

"Umetoka Mulumba," Oresta alisema.

"Nimetoka huko. Nimenusa tango."

 Mzee Nkuwi aligeuzageuza kofia yake.

"Mwenyekiti, ulijua?" Elineema aliuliza. "Kwamba mnara unapumua nikikataa?"

"Nilidhani hautapumua," alisema mzee. "Nilikuwa na shaka, lakini nilidhani hivyo. Ndiyo maana nilikuomba ukubali, tusije tukajua."

Elineema alikaa.  "Bi Oresta, nieleze wewe. Ufunguo wangu umeunganishwa na nini?"

"Umeunganishwa na kumbukumbu," Oresta alisema polepole. "Na simu za wanachama. Na fidia. Mnara wenyewe haujawahi kuunganishwa nao. Walioujenga walisema haiwezekani chombo cha serikali kifungwe na kikundi cha nje. Nilipokuja kazini nikakuta hivyo."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa hujawahi kukataa."

Nje mtu alipita na pikipiki.

"Mulumba haina kutu," Elineema alisema.

"Haina."

"Basi kwa nini?"

Oresta alivuta kiti akakaa mbele yake, karibu, kama walivyozoea zamani. "Kwetu maghala yamejaa. Mavuno ya mwaka huu yakitoka yote, bei itaanguka, na serikali yetu imewaahidi watu wake mambo ambayo yanategemea bei hiyo. Wizara imeagiza mavuno yapungue. Kampuni ya mtu binafsi ingepiga hesabu, ingeona aibu ya jina lake, labda ingesita. Sisi hatuna hesabu ya namna hiyo, Elineema. Tuna amri. Wakachagua bonde dogo, walidhani halitaleta maneno."

"Kuna watu mle."

"Najua. Ndiyo sababu nimekuja mwenyewe." Aliinamisha kichwa. "Nisikilize vizuri. Fidia hutoka kama bonde limelazwa kwa funguo zote mbili. Unga, maharage, na mbegu ya msimu ujao, kwa kila nyumba, mpaka mavuno mengine. Ukitoa idhini leo, kumbukumbu itasoma leo, na hakuna atakayeuliza kuhusu saa. Usipotoa, Shirika litasema halikulaza. Litasema mimea imenyauka yenyewe, na Mulumba haitapata hata kilo."

Mzee Nkuwi akaongeza kwa sauti ya chini, "Na sisi tutaendelea kuwa na Umoja. Ukiwaambia watu kwamba ufunguo si ufunguo, mabonde yote yataingiwa na hofu. Watafyeka. Viwanda vitasimama. Binti yangu, mimi sisemi ni haki. Nasema fikiria watu wangapi."

Elineema alifikiria. Alifikiria wanaume wale na mapanga yao, na watoto wa Mulumba, na unga. Uongo ungewalisha. Ukweli usingewapa hata kikombe cha uji. Angetamka maneno mawili, kutu ya majani, na magari ya chakula yangeanza kupakia kesho. Na mwaka ujao, wizara fulani ikitaka, bonde jingine lingelala, naye angetamka tena, na mama mwingine angekaa ukingoni mwa shamba akiwaambia watu watulie, Katibu ana sababu zake. Kila alipojaribu kushika upande mmoja, upande wa pili ulimponyoka.

"Natakiwa kusema sababu kwa sauti," alisema.

"Ndiyo, kama kawaida. Kwa kifupi tu."

Utaratibu huo aliudai yeye mwenyewe wakati wa kuandika kanuni. Sababu ya kulaza itamkwe na Katibu, na sauti yake ifike muda uleule kwenye simu ya kila mwanachama, ili lisije bonde likalazwa bila watu wake kujua kwa nini. Talvera walikubali kwa urahisi. Sasa alielewa kwa nini. Hawakuona hatari katika maneno.

Aliweka kiganja juu ya kioo. Kikawaka kijani.

"Mimi Elineema Msengi, Katibu wa Umoja," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa ukavu wake. "Natoa idhini ya kulaza Mulumba, ili watu wake wapate fidia wanayostahili. Sababu ni kwamba Mulumba imekwishalazwa. Asubuhi nilikataa, mnara ukapumua. Kutu hakuna. Niliwaambia ufunguo huu unazuia mnara. Hauzuii. Nimeyajua leo, nanyi myajue leo."

Akaondoa mkono.

Oresta alikuwa amejifunika uso kwa viganja. Mzee Nkuwi alivaa kofia yake, akainuka kwa shida, akatoka bila kuaga. Kupitia dirisha wazi walisikia sauti ya Katibu ikitoka katika simu za sokoni, ya huku ikitangulia, ya kule ikifuatia, ikirudia maneno yaleyale.

*

Yaliyofuata hayakuwa kama alivyotegemea, na mengine hakuwa ameyategemea kabisa.

Simu yake ililia mpaka ikazima. Wote waliuliza jambo moja: tung'oe au tuache? Aliwajibu waache. Aliwaambia punje zikikomaa hakuna mvuke unaoweza kuzirudisha, kwa hiyo wangoje, wavune, halafu ndipo wazungumze. Wengi walimsikiliza. Wengine hawakumpata. Upande wa Sakara watu waliingia mashambani mchana kweupe, wakafyeka alizeti iliyokuwa karibu kukomaa, wakaichoma. Mzee mmoja wa huko, ambaye Elineema alikuwa amemshawishi mwenyewe kupanda, alifyeka shamba lake lote, kisha akaonekana akipita nyumba kwa nyumba akiomba mbegu ya mtama. Habari hiyo ilimfikia Elineema akiwa anakula. Alisukuma sahani, na kwa siku nyingi baada ya hapo chakula kilimshinda.

Halmashauri ya Umoja ilikutana bila yeye, ikamsimamisha kazi. Fidia ya Mulumba ikazuiwa, kwa maelezo kwamba idhini yenye maneno yale haikuwa idhini.

Kisha Talvera wakafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Waliiamsha Mulumba.

Ilitokea asubuhi ya jua kali. Majani yakafunguka shamba hadi shamba, mashina yakalegea, vichwa vikainuka, na kufikia adhuhuri bonde lilikuwa njano kana kwamba halijawahi kuwa na rangi nyingine. Shirika likatoa taarifa. Mimea ya Mulumba haikuwahi kulazwa. Ilikuwa imenyongea kwa kutu, imetibiwa, imepona. Katibu aliyesimamishwa alikuwa amewatia watu hofu kwa sababu zake binafsi. Mzee Nkuwi alizungumza redioni, akasema kwa huzuni kwamba binadamu hukosea. Oresta aliitwa kwao, na aliondoka bila kuaga.

Elineema aliisikia taarifa hiyo akiwa nyumbani kwake Mandewa, ameshika ufagio. Kitu cha kwanza kilichomjia hakikuwa hasira. Alihesabu muda kichwani. Mulumba imelala siku chache tu. Vichwa bado vilikuwa na maji. Kama mvua itaendelea, zitajaza, pengine si zote, lakini zitajaza. Ili kumfanya yeye mwongo, ilibidi walirudishie bonde mavuno yake. Akakaa kizingitini, akacheka kidogo, halafu akalia.

Sokoni, mwanamke aliyekuwa akimuuzia nyanya kwa miaka alimgeuzia mgongo. Kijana mmoja alimuuliza mbele za watu amelipwa na nani kuharibu viwanda. Alirudi nyumbani na kikapu kitupu. Baada ya hapo alianza kutoka mapema sana au kutotoka kabisa. Kila gari lililopunguza mwendo mbele ya nyumba lilimfanya asimame.

*

Damari Gyunda alikuja siku ya gulio, amevaa gauni la kanisani, na hakukubali kukaa sebuleni. Walikaa jikoni, mlango umefungwa.

"Zinajaza," alisema kabla hata ya kuulizwa hali. "Si kama zingekuwa, lakini zinajaza. Tumebonyeza kila upande."

"Namshukuru Mungu."

"Sisi tunajua, Katibu. Nataka ulisikie hilo kwanza. Ugonjwa hauponi mashamba yote asubuhi moja, kwa mpigo. Hata watoto wanajua. Tulinusa ile ya pili pia, ile inayofanana na udongo wa moto."

Elineema aliinama akakoleza moto usiohitaji kukolezwa. "Usiniite Katibu," alisema.

"Nitakuitaje basi?" Damari alikunja khanga mapajani, akaikunjua. "Kesho redio inakuja Mulumba. Shirika linawaleta. Wanataka mtu wa bonde aseme kwamba alizeti haikulala. Tulikaa tukaulizana, wanaume na wanawake. Tukisema ulivyosema wewe, mnara bado umesimama pale, na vichwa bado vina maji. Wanaweza kuzilaza hata kabla gari la redio halijapanda kilima." Akaikunja tena khanga. "Wamenichagua mimi nizungumze."

"Useme nini?"

"Kwamba kulikuwa na kutu. Kwamba wewe ni mwongo."

Sufuria lilikuwa linachemka.  Elineema alijua kwamba sauti ya Damari, akisema hivyo, itamaliza kila kitu. Bado kulikuwa na watu waliokuwa na shaka, wachache, waliosema tungoje tuwasikie wa Mulumba wenyewe. Wakimsikia huyu mama, hawatangoja tena. Mkataba mpya utatiwa saini kabla ya wiki kwisha.

"Mkishavuna, mtasema?" aliuliza.

Damari hakukimbilia kujibu, na Elineema alimheshimu kwa hilo. "Sijui," alisema mwishowe. "Mbegu ya msimu ujao iko mikononi mwao. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya jikoni kwako. Nimekuja kukuomba, ukikataa nitawaambia watafute mtu mwingine, na sitamlaumu yeyote."

"Watapata mwingine?"

"Watapata. Lakini wengine midomo inawatetemeka. Wataonekana."

Elineema aliepua sufuria, akamimina chai katika vikombe viwili, akaweka sukari nyingi kwa mgeni. 

"Wewe utasemaje?" aliuliza. "Nisikie."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Damari alijiweka sawa kwenye kigoda. "Nitasema, alizeti yetu iliugua, na yule Katibu, bahati mbaya, hakusema ukweli."

"Hapana. Bahati mbaya ondoa. Ukinihurumia watajua. Sema jina langu."

"Elineema Msengi hakusema ukweli."

"Sema alidanganya."

"Elineema Msengi alidanganya." Sauti nzito ilikuwa imepungua hadi kuwa ya mtu anayeungama.

"Mama, umesikika kama upo msibani. Mimi nimekutia njaa. Nimekuja bondeni kwako, nimevunja kichwa cha alizeti yako, nimekwenda mjini nikautangazia ulimwengu uongo, na watu wa Sakara wamefyeka mashamba yao kwa sababu yangu. Nitazame unapozungumza."

Damari alimtazama. Macho yake yalijaa machozi, akayafuta kwa kiganja, akavuta pumzi mpaka kifuani.

"Elineema Msengi ni mwongo," alisema, na safari hii ilikuwa sauti ile ya mikutanoni, isiyohitaji kipaza sauti. "Tulimwamini tukapanda. Alituambia ana mkono wa kutulinda. Hakuwa na mkono wowote."

 Maneno yale ya mwisho, kuhusu mkono, hayakuwa sehemu ya makubaliano, na wote wawili walisikia kwamba yalikuwa kweli.

Elineema alisogeza kikombe cha chai karibu na mgeni wake.

"Hapo sawa," alisema. "Sema hivyohivyo."